Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: mzigo ulioko njiani upite

Mheshimiwa Katibu Mkuu,

Yah: Mazuio ya ghafla mipakani

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka. Nanunua mahindi Kibaigwa, wilayani Kongwa, na vijiji vya jirani, nayapeleka nchi za Jumuiya. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na saba, na ndiyo iliyowasomesha wanangu. Ningeweza kumwandikia waziri wa nchi yangu, lakini ninalokuja nalo si la nchi moja. Serikali moja ikilifanya leo, jirani yake hulipiza kesho, na anayebanwa katikati ni mtu mwenye lori barabarani.

Nikueleze safari moja. Mpaka sitautaja, wala upande uliofunga, maana sitaki barua hii isomwe kama kesi dhidi ya taifa fulani. Nilikuwa na malori mawili, gunia mia tatu kila moja. Karatasi zilikuwa kamili: cheti cha uasilia wa bidhaa, kinachoonyesha imetoka nchi gani, cheti cha afya ya mimea, na majibu ya maabara kwamba sumukuvu haijazidi kiwango. Madereva walikwishapita mizani yote. Saa tatu usiku wakala wangu wa forodha akanitumia picha ya barua ya kuzuia mahindi kwenye simu. Ukurasa mmoja, mhuri, sahihi, tarehe ya siku ile ile, na maneno "kuanzia sasa".

Kulipokucha foleni ilikuwa imepita kituo cha mafuta. Madereva walitandika mikeka chini ya matela, wakawasha majiko, wakaanza kupika kama watu waliohamia. Nikapanda basi usiku huo kuwafuata.

Anayejua mahindi anajua kwamba turubai si ghala. Linazuia mvua isipige juu, lakini jua likiwaka baada ya mvua, joto na unyevu hubaki humo ndani havina pa kutokea. Mvua ilinyesha siku ya tatu, ikarudi siku ya tano. Siku ya tisa nilipanda juu ya lori nikachoma bambo, chuma cha kutolea sampuli, katikati ya gunia la safu ya tatu. Punje zilizoteremka kiganjani zilikuwa na joto la paji la uso la mtoto mwenye homa. Nikazinusa. Harufu ile ya udongo mbichi kila mchuuzi wa nafaka anaijua na anaiogopa.

Zuio lililegezwa siku ya kumi na moja. Tukavuka kwa masharti mapya, ila kilichovuka hakikuwa kile nilichopakia. Gunia arobaini na mbili nilizifukia. Sehemu ya mahindi yale nilikuwa nimeichukua mali kauli kwa wakulima wanaoniamini, na ilinichukua misimu miwili kumaliza kuwalipa. Kuna mmoja bado hunisalimia kwa mkato.

Kinachoniuma kuliko hasara ni kwamba barua ile ilitaja usalama wa chakula. Mahindi makavu, yaliyopimwa, yaliwekwa siku kumi na moja chini ya turubai lenye unyevu, mahali hasa ambapo kuvu inayotoa sumukuvu hustawi.

Haya si mageni kwako, Mheshimiwa. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ndani ya siku chache ikalegeza na kuweka masharti: waagizaji wasajiliwe, na kila shehena iwe na cheti kuonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Na sisi Tanzania tusijitoe. Oktoba 2017 tuliteketeza pale Namanga vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya, na habari ile ikaenea Afrika Mashariki nzima. Aprili 2025 tukazuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini, wenzetu wa SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika, tukijibu vizuizi vyao, na kabla ya wiki mbili kwisha zuio likaondolewa. Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, ulifungwa Februari 2019 ukaja kufunguliwa mwisho wa Januari 2022.

Ukiacha Gatuna, tazama jinsi mazuio hayo yalivyodumu muda mfupi. Siku, wiki, basi. Viongozi wanazungumza, wanapeana mikono, yanakwisha. Kwa serikali lilikuwa jambo la wiki mbili. Kwa mwenye nyanya, ndizi au maziwa, wiki mbili ni mtaji wote.

Siandiki kupinga nchi kujilinda. Sumukuvu inaua. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na mwaka 2016 ikaua kwetu, Dodoma na Manyara, huko huko ninakonunua mzigo. Ofisa anayezuia gunia lenye sumu ananilinda hata mimi. Ninachopinga ni kuzuia nchi badala ya kuzuia gunia. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi ni kimoja, hizo hizo sehemu 10 kwa bilioni, na kimepitishwa na nchi zetu wenyewe. Kama kiwango ni kimoja, cheti cha maabara ya upande wangu kinapotezaje nguvu baada ya kuvuka geti moja?

Hata kulinda viwanda nakubaliana nako. Julai 2022 Jumuiya ilipoongeza daraja la nne kwenye ushuru wa pamoja wa forodha, ule unaotozwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya, asilimia 35, juu ya zile 0, 10 na 25, nilifurahi, kwa sababu ukuta ulijengwa kuzunguka nyumba, si kati ya vyumba. Lakini kila mwaka Juni inapokwisha, gazeti rasmi la Jumuiya hutoka na orodha ndefu ya nchi moja moja zilizoomba kutoutumia ushuru huo kwa muda, kwa bidhaa hii na ile. Mchele ni mfano ulio wazi. Ushuru wa pamoja ni asilimia 75, na Kenya kwa miaka mingi imetoza 35. Ushuru mmoja ukishakuwa na sura nyingi, kila upande unamshuku mwenzake kwamba anapitisha mchele wa Asia kwa mlango wa jirani, na mkulima wa Kyela ndiye anayeulizwa mpunga wake aliuvuna wapi.

Nimeusoma Mkataba wa Jumuiya, ule uliotiwa saini tarehe 30 Novemba 1999, nikitafuta mlango wa mtu kama mimi. Ibara ya 29 inakupa wewe nguvu ya kuihoji nchi unayoona imekiuka wajibu wake, na nchi hiyo inapewa miezi minne ya kutoa maelezo. Isipojibu, au jibu lisiporidhisha, jambo linakwenda Baraza la Mawaziri. Ibara ya 30 inanipa mimi mkazi wa kawaida haki ya kwenda Mahakama ya Afrika Mashariki, lakini ndani ya miezi miwili. Serikali ina miezi minne ya kujibu barua. Mchuuzi ana miezi miwili ya kutafuta wakili, nauli ya Arusha na ujasiri. Mahindi yana siku tisa.

Mahakama hiyo ikifikiwa inafanya kazi. Mwaka 2019 iliamua kwamba Uganda ilikosea kutoza sigara zilizotengenezwa Kenya ushuru mkubwa kuliko zile za nyumbani, kana kwamba zilitoka nje ya Jumuiya. Hukumu ile naithamini kwa sababu ilisema wazi kwamba bidhaa ya nchi mwanachama si bidhaa ya kigeni. Ila aliyeshtaki alikuwa kampuni kubwa yenye mawakili wake, na bidhaa yake inaweza kukaa ghalani ikisubiri hukumu.

Tunayo pia Sheria ya Kuondoa Vikwazo Visivyo vya Kiforodha ya mwaka 2017, yaani vizuizi vya biashara ambavyo si ushuru. Nimeona watu wakiitumia kuripoti vikwazo, na kamati za kitaifa zikivifuatilia. Lakini utaratibu wenyewe unaanza pale kikwazo kikishawekwa. Aliye barabarani siku kinapowekwa anabaki hapo hapo barabarani.

Ninachotaka kuomba kina mfano wake duniani. GATT, mkataba wa kimataifa wa ushuru na biashara wa 1947, ambao kanuni za Shirika la Biashara Duniani zimejengwa juu yake, inasema katika ibara ya 13 kwamba nchi inapotangaza ukomo wa kiasi cha bidhaa kinachoweza kuingia, mzigo uliokuwa tayari safarini siku ya tangazo usizuiwe. Unaweza kuhesabiwa ndani ya ukomo huo, lakini haurudishwi. Nchi zetu sita kati ya nane ni wanachama wa shirika hilo, na Sudan Kusini na Somalia zimeomba kujiunga. Mzigo ulioko baharini ulifikiriwa kabla hata moja ya nchi zetu haijapata uhuru. Lori la Kibaigwa bado.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba ulipelekee Baraza la Mawaziri pendekezo hili: zuio au sharti jipya la nchi mwanachama juu ya bidhaa ya nchi nyingine mwanachama lisiuguse mzigo uliokwisha kupata cheti cha uasilia kabla ya tarehe ya tangazo. Mzigo huo upimwe pale pale mpakani. Ukikutwa safi, upite. Ukikutwa na sumu, uteketezwe, nami mwenyewe nikishuhudia, na gharama nibebe mimi. Na pakiwa na hatari ya dharura, kama ugonjwa wa mifugo, nchi iwe na haki ya kuusimamisha mzigo kwa saa 72, mradi iseme kwa maandishi inatafuta nini na nani anapima.

Tarehe ya cheti haiwezi kuwa ugomvi. Tangu Himaya Moja ya Forodha, mpango wa forodha za nchi zetu kufanya kazi kama moja, ianze mwaka 2014, mifumo ya mamlaka za mapato inapashana taarifa, na ofisa akitaka kujua cheti kilitolewa lini hahitaji kunisadiki mimi.

Wapo wanaoumia kuliko mimi, nao hawana hata wa kuwatumia picha ya barua. Nawazungumzia akina mama wa nyanya, vitunguu na dagaa wanaovuka kwa miguu au kwa baiskeli za mizigo. Jumuiya iliwafanyia jambo jema sana kuwapa cheti chepesi cha uasilia, kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani ulio kwenye orodha iliyokubaliwa. Nimewaona wakikitoa kwenye kanga kimekunjwa mara nne, wakikitunza kama hati ya kiwanja. Ila siku ya zuio wanaisikia habari getini, mzigo ukiwa kichwani. Mwaka ule ule wa safari niliyokueleza, mama mmoja wa nyanya alinipa karatasi nimsomee. Alikuwa ameishika tangu asubuhi akidhani ni risiti ya ushuru. Ilikuwa nakala ya barua ya zuio, kwa Kiingereza. Nilimsomea kwa Kiswahili, akaniuliza kama nina hakika, nikamsomea tena. Akakaa chini kando ya tenga lake na asiniulize kitu kingine.

Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya. Naomba basi kila tangazo la zuio libandikwe getini kwa Kiswahili siku ile ile linapotolewa, likiwa na namba ya simu ya ofisa anayeweza kulielezea. Hili halihitaji itifaki mpya wala mkutano wa wakuu wa nchi. Nakala tu, gundi na mtu wa kupokea simu.

Najua huna ufunguo wa geti lolote. Najua pia kwamba wakuu wetu huamua kwa maafikiano, na nchi moja ikisema hapana, faili linarudi kabatini. Lakini ofisi yako ndiyo inayoandaa ajenda za mikutano hiyo. Likiandikwa humo, kila waziri atalazimika kusema mbele ya wenzake kwa nini mzigo wenye cheti halali usipite, na nadhani wengi wataona ugumu kulijibu swali hilo. Wakilikataa, naomba sababu zao zitangazwe, ili sisi tunaopakia tujue la kupanga.

Mahindi mapya huanza kuingia sokoni Mei na Juni. Nitakuwa Kibaigwa nikipakia, kama kila mwaka. Dereva wangu hunipigia simu kabla hajawasha gari, huuliza, "Bosi, njia iko wazi?" Natamani nimjibu kwa kuangalia tarehe iliyo kwenye cheti, si kwa kufungua WhatsApp kwanza.

Wako katika Jumuiya,

Mfanyabiashara wa nafaka,
Kongwa, Dodoma