Usiweke pazia

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema wateja wanakuganda, kila dawa unayopulizia kwenye magari yao wanauliza ni ya nini, na mwenzako kazini amekushauri utundike pazia ili wasubiri nje. Nakuomba, kabla hujapigilia hata msumari mmoja, unisikilize mama yako.

Miaka yangu ya mwanzo nilifanya kazi mlango umefungwa. Niliamini ujuzi ni siri ya riziki. Siku moja mteja akanirudishia gari jeusi nililolipiga polishi wiki chache nyuma. Juani, boneti nzima ilikuwa imejaa mikwaruzo myembamba ya duara, kama utando wa buibui. Akasema nimemharibia rangi. Nikamuuliza linaoshwaje nyumbani. Sabuni ya vyombo, ndoo moja, sponji moja, wanaanza na rimu halafu sponji ileile inapanda kwenye boneti. Mchanga wa magurudumu ndio uliokuwa ukisugua rangi. Lakini yeye angejuaje? Nilimkabidhi gari linameremeta bila kumwambia namna ya kulitunza. Kosa lile nalihesabu kuwa langu mpaka leo.

Kwa hiyo acha wasimame, waone. Anza na ndoo mbili, ya shampuu na ya maji matupu ya kusuuzia glavu ya kuoshea. Ukimaliza mlango mmoja tu, mwite mteja achungulie ile ndoo ya maji matupu. Mchanga uliotulia chini utamweleza kuliko maneno yako yote. Wala usisahau kumwambia kwa nini gari umeliweka kivulini: kwenye bodi ya moto maji na shampuu hukauka kabla hujasuuza, na madoa yake ni taabu kuyatoa.

Kitu ninachokipenda zaidi ni mfuko wa plastiki, ule mwepesi kabisa. Gari likishaoshwa na kukaushwa, mwambie mteja auvae mkononi apapase rangi taratibu. Rangi aliyodhani ni safi ataisikia ina vichembe kama chumvi: vumbi la chuma la breki, lami, utomvu wa miti. Pitisha udongo maalumu wa kusafishia rangi, ule laini unaofinyangika, kwenye kipande kidogo, ukiwa umekilowesha vizuri, kisha apapase tena palepale. Nimeona watu wazima wakirudia kupapasa mara tatu, nne, hawaamini vidole vyao.

Ukifika kwenye polishi, bandika tepu ya karatasi katikati ya boneti, ufanye upande mmoja, umulike tochi. Na hapo useme kweli yote. Polishi haijazi mkwaruzo; inaikwangua kidogo klia, lile tabaka angavu lililo juu ya rangi, hadi uso ulingane. Klia ya magari mengi ni mikroni 40 au 50 hivi, nyembamba kuliko unywele, na ikiisha hairudi bila kupiga rangi upya. Mteja aliyeelewa hilo hatakuomba polishi kila mwezi. Utakosa pesa ya siku hiyo, ndiyo. Na mkwaruzo unaonasa ukucha, usimwahidi kuufuta.

Unaogopa wataiga wajifanyie wenyewe. Wengine wataiga, na waige. Anayeosha vizuri nyumbani huniletea gari ambalo halijachakaa, na kazi yangu juu yake inadumu. Hao ndio wanaorudi kwangu.

Kuna jambo jingine, na hili ni kwa ajili yako zaidi. Kitambaa kikidondoka chini, hata sekunde moja, hakigusi rangi tena mpaka kifuliwe. Unalijua, nilikufundisha. Ila jioni, umechoka, uko peke yako, mkono unataka kukikung'uta tu uendelee. Macho ya mteja yatakuzuia. Mimi yalinizuia zaidi ya mara moja, na nilishukuru.

Mipaka iwepo. Unapopulizia dawa ya rimu, asogee upande unakotoka upepo. Waya wa mashine ya polishi usipite miguuni pake. Mashine yenyewe usimpe kwenye gari lake, hata akibembeleza vipi, maana kwenye kingo na kona rangi ni nyembamba na sekunde chache zinatosha kuichoma hadi kwenye praima, rangi ya msingi iliyo chini. Tafuta boneti kuukuu, iegemeze ukutani, anayetaka kujaribu ajaribie hapo.

Nimekutumia vitambaa 6 vya maikrofaiba, vile visivyo na pindo la kushonwa. Viwili usivitumie kazini. Vikunje uviweke karibu na kigoda, na mteja akikaa, mpe kimoja akishike wakati unamweleza.

Mama yako.