Mkifika Port Augusta, laleni

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu safari ya gari kutoka Adelaide hadi mwamba wa Uluru, hapa Australia, niliipenda, ila Port Augusta, mji ulio njiani, mmeupa maneno saba: jazeni mafuta, nunueni maji, endeleeni na safari. Siwalaumu. Mimi mkazi wa Adelaide nilikuwa nimepita pale mara sita, na nilichokijua ni pampu, choo na viazi vya kukaanga.

Mara ya saba nilikuwa na mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Mombasa. Jua lilikuwa linatua. Mimi nikitaka tukaze hadi mji wa Coober Pedy, zaidi ya kilomita 500 mbele, lakini alikwisha kusikia habari za kangaroo wanaoruka barabarani gizani. "Mwanangu, mie nashuka hapa," akasema. Tukalala.

Asubuhi alitoka kunyoosha miguu kando ya maji, akarudi mbio kuniita. Ameona mikoko! Jangwa liko mlangoni, na mikoko imesimama kwenye tope. Tena ni mchu, mti uleule unaoota kwenye hori za Tudor na Mtwapa, kwetu pwani ya Kenya. Mji huu umekaa kwenye ncha ya Ghuba ya Spencer, ambako bahari imeingia bara hadi ikakwama. Mvua ni haba na jua ni kali, kwa hiyo kadiri unavyoingia ndani ya ghuba ndivyo maji yanavyozidi chumvi. Kwetu tumezoea hori kupunguza chumvi unapoelekea bara. Mchu haujali.

Kutoka hapo tukaenda kwenye bustani ya mimea ya nchi kame, iliyofunguliwa mwaka 1996, zaidi ya hekta 250, na kiingilio hakuna. Mama mkwe alikagua matawi ya migunga moja baada ya nyingine akitafuta miiba. Migunga mingi ya Australia haina. Alikasirika kidogo, kana kwamba ameuziwa bidhaa bandia.

Na ngamia wa Australia je? Mwaka 1866 zaidi ya mia moja walishushwa bandarini hapo kutoka Karachi, pamoja na wachungaji wao, ambao Waaustralia waliwaita Waafghani wote, ingawa wengi walitoka nchi ambazo leo ni Pakistan na India. Ndio waliobeba sufu, chakula na vifaa vya simu ya maandishi ya nyaya hadi katikati ya bara. Treni maarufu ya Ghan imepata jina lake kwao. Msafiri anayepiga picha ya ngamia mwitu huko mbele amekwisha kuipita bandari yao kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa.

Hapo ndipo barabara ya Stuart inapoanza safari ya kwenda Darwin, na ile ya Eyre kuelekea magharibi. Ndiyo maana kila mtu ana haraka. Mkichapisha makala ile tena, wekeni usiku mbili, na mwambieni msomaji aende miezi ya baridi: kiangazi joto hupita nyuzi 40, na garimoshi la mvuke la Pichi Richi, linalopanda milimani hadi Quorn kwa reli ya 1879, hupumzishwa.

Mama mkwe ameomba mbegu za mchu. Nimemwambia forodha hawataki mzaha.

Msomaji wenu,
Adelaide