Hema Halivuji, Linatoa Jasho: Soma Kabla Hujakimbilia Pangoni

Mwaka jana vijana kumi wa hapa Mbeya walikodi kwetu mahema matano kwenda Mlima Elgon, mpakani mwa Kenya na Uganda, kuona mapango. Waliporudi, kiongozi wao alibwaga mabegi kaunta hata salamu hajamaliza.

"Dada, mahema yenu yanavuja. Usiku wa pili tumelowa mpaka mablanketi. Tukataka kuhamia pangoni, askari wa hifadhi akatukatalia."

Nikamuuliza kama mvua ilinyesha. Akafikiri kidogo. "Mvua hapana. Baridi tu, na nyota zimejaa."

Mahema yale yalikuwa mazima. Kosa lilikuwa letu, kwa sababu tulimkabidhi mtu hema bila kumweleza linavyofanya kazi kwenye baridi.

Ukipanda basi la usiku kutoka Dar, mkikaribia Makambako alfajiri utakuta vioo vyote vimelowa kwa ndani. Hakuna abiria anayesema basi linavuja. Ni pumzi za watu waliolala, zimekutana na kioo cha baridi zikageuka maji. Hema ni hivyo hivyo. Watu wawili wakilala zipu zote zimefungwa, pumzi yao inapanda, inagusa turubai lililopoa, inakuwa matone. Mmoja akijigeuza na kugusa ukuta, matone yanashuka usoni.

Namna ya kutofautisha ni rahisi. Pitisha kidole kwa ndani ya turubai la juu, lile linalofunika hema la ndani. Ukikuta unyevu umeenea kote kama umande, hilo ni jasho. Hema linalovuja kweli hulowa mahali pamoja, mara nyingi kwenye mshono, na hulowa siku ya mvua.

Dawa yake wengi hawaipendi: fungua madirisha ya hewa, hata kama meno yanagongana. Joto lako litunzwe na mfuko wa kulalia na godoro la chini, siyo na zipu. Vuta kamba mpaka turubai la juu liachane kabisa na hema la ndani. Yakigusana, maji yanapita. Usisimike hema bondeni, maana hewa ya baridi hutelemka na kutuama huko. Waliolala hifadhi ya Kitulo mwezi wa sita au wa saba, wakaamka nyasi zimeganda nyeupe, wanajua ninachosema. Na nakuomba sana, jiko la mkaa lisiingie hemani hata dakika moja, hata likiwa limebaki makaa tu. Moshi wake usioonekana unaua watu wakiwa usingizini.

Sasa hilo pango. Yule askari aliwasaidia kuliko walivyojua. Kitum, pango maarufu kuliko yote ya Elgon, linaingia mlimani kama mita 200, na wenye nalo ni tembo. Huingia humo usiku, gizani kabisa, wakapapasa njia kwa mikonga na kuchimba mawe kwa pembe ili wapate chumvi. Ni kati ya vitu vya ajabu nilivyowahi kusikia kuhusu mnyama yeyote, lakini siyo mahali pa kutandika mkeka.

Halafu kuna popo. Mwaka 1980, na tena mwaka 1987, mgeni aliyekuwa ameingia Kitum aliugua homa ya Marburg, ugonjwa hatari wa virusi, akafariki. Virusi hivyo hubebwa na popo wanaokula matunda na kuishi mapangoni, na hapa kwetu Tanzania ugonjwa huo ulizuka Kagera mwaka 2023. Kinyesi cha popo nacho kikikauka huwa vumbi, na vumbi hilo linaweza kuwa na fangasi wanaoshambulia mapafu. Kutembelea pango na mwongozaji, umevaa viatu vya kufunika na barakoa, mikono haishiki kuta, ni jambo moja. Kulala humo kwa muda wa saa nane ukivuta hewa hiyo ni jambo jingine kabisa. Ndiyo maana hata wateja wanaokwenda karibu tu, mapango ya popo ya Songwe, tunawaambia kitu kile kile: ingieni mchana na mwenyeji anayepajua, hema lisimame nje, mbali na mlango.

Tangu siku ile hatumpi mtu hema likiwa limekunjwa kwenye begi. Unalisimamisha mwenyewe hapa uani kwetu, tukiwa pembeni, unafungua na kufunga kila dirisha la hewa mpaka mkono uzoee, kwa sababu usiku utafanya hivyo gizani. Ni kama nusu saa, na hatutozi chochote. Ukisema unakwenda Kitulo au Elgon, tunakuongezea godoro la pili la chini kwa bei ile ile, na kitambaa cha kufutia matone asubuhi.

Na hema likirudi limelowa, usiogope. Lilete tu siku hiyo hiyo, tulianike kabla halijaota ukungu.