Mifuko ya mbegu itutajie magadi

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mkulima wa mpunga huku tambarare ya Lower Moshi. Naomba nafasi niwaambie wauzaji na watafiti wa mbegu jambo lililonila msimu mzima.

Jaruba langu linapakana na la jirani. Maji tunachota mfereji mmoja, tulipandikiza wiki moja, hata mbolea ya kupandia tuligawana mfuko. Wiki ya tatu mpunga wangu ukatoka madoa ya rangi ya kutu, ukadumaa. Wake ukazidi kuchipua. Niliambiwa nimeubania urea. Nikaongeza, hela ikaenda, madoa yakabaki. Tulichotofautiana ni mbegu tu.

Baadaye ndipo nikaelewa. Ardhi yetu ina magadi, na magadi yakikutana na maji yaliyotuama huifunga zinki udongoni, kirutubisho ambacho mpunga ukikikosa hutoa madoa ya kutu na kudumaa. Zinki ipo, lakini mzizi hauipati. Iko mbegu inayojua kuichomoa na iko isiyoweza, na hilo ni la kurithi kama urefu wa bua.

Nafaka zenyewe hazilingani. Shayiri, ambayo ndugu zetu wa West Kilimanjaro wanaijua, mizizi yake humwaga kwa wingi majimaji yanayonasa chuma, kirutubisho ambacho nacho magadi hukifunga. Mahindi humwaga kidogo, ndiyo maana kwenye magadi huweza kupiga michirizi ya njano pale ambapo shayiri ingebaki kijani. Na mpunga kwa mpunga pia hutofautiana: mwaka 2012 watafiti walitangaza jeni, yaani chembe ya urithi, waliyoiita PSTOL1, waliyoitoa kwenye Kasalath, mpunga wa kienyeji wa India. Jeni hiyo huukuza mzizi mapema ukaifuata fosforasi, kirutubisho kingine cha udongoni. Mbegu za kisasa zisizostahimili uhaba wa fosforasi hazina jeni hiyo. Mimi nikisoma hayo huumia, kwa sababu mbegu za bibi zetu tunaziacha zipotee bila hata kuzipima.

Sasa nenda duka la pembejeo usome mfuko. Utaona siku za kukomaa na magunia kwa ekari. Magadi hayatajwi.

Ombi langu ni moja: mbegu zijaribiwe huku huku kwenye magadi, Chekereni na Kahe, siyo kwenye shamba zuri la maonyesho tu, na majibu yachapwe juu ya mfuko, kwa Kiswahili. Jaruba langu lile lile lililodumaa nalitoa kwa majaribio hayo.

Mkulima wa mpunga,
Moshi