Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Chandarua Kihamie Shamba

Ndugu wanachama, poleni na mavuno, na karibuni. Mhazini atasoma hesabu baada yangu na katibu anayo orodha ya waliolipa ada, kwa hiyo hayo siyagusi. Mimi nitazungumzia kazi yetu ya kupambana na malaria, na sehemu kubwa ya muda wangu nitaitumia kwa jambo moja: mwaka huu malaria ilitukuta shamba.

Mnaujua wenyewe mwendo wetu wa hapa bonde la Kilombero. Mvua zikikolea, nyumba nzima inahamia ng'ambo ya mto kwenye majaruba. Tunabeba sufuria, majembe, mikeka, kuku, na watoto ambao hawajaanza shule. Tunakaa huko palizi, tunaamia ndege, tunapika pepeta, mpaka mpunga ukatwe. Kibanda chenyewe ni nguzo nne na nyasi juu, kuta nusu au hamna kabisa. Na chandarua? Kimebaki kijijini, kimening'inia juu ya kitanda kisicholaliwa na mtu.

Nasema haya nikiwa mmoja wa waliokosa. Mwezi wa nne mjukuu wangu wa miaka 3 alipata homa jioni tukiwa kibandani. Nilimkanda kwa maji, nikamwambia mama yake tungoje kuche. Alfajiri macho yakageuka, mikono ikakaza. Degedege. Mtumbwi ulikuwa upande wa pili. Tuliita mpaka sauti zikakauka. Pale kivukoni mzee mmoja ninayemheshimu alinisihi nisimpeleke zahanati, kwa ile imani kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Nilimpeleka. Walimtoboa kidole, kipimo kikatoa mistari miwili, yaani malaria ipo, wakamchoma artesunate, dawa ya malaria kali, tukapakiwa kwenye pikipiki kwenda hospitali. Yu mzima, mnamsikia hapo nje na wenzake. Lakini chandarua chake, alichopewa kliniki siku ya chanjo ya surua, kilikuwa sandukuni kwangu, hakijatolewa hata kwenye mfuko.

Kamati ilikutana wiki ile ile. Tulikubaliana kwamba kuanzia sasa kila kaya iwe na chandarua cha shamba, mbali na kile cha nyumbani, na kiwe cha kwanza kupakiwa mtumbwini. Wengi waliuliza kitafungwa wapi kwenye kibanda kisicho na ukuta. Kijana mmoja wa kitongoji cha mtoni alituonyesha, na nawaomba mkamwige: chomeka fito nne kwenye pembe za mkeka, zifike kifuani, funga kamba za chandarua kwenye ncha, kisha upindo wote uingie chini ya mkeka, usiachwe ukapepea. Nililala ndani yake siku kumi. Matete yanatoboa, hilo ni kweli, basi sindano na uzi vikae humo kibandani na tundu lishonwe mchana lilipoonekana.

Wale wa rika langu wanakumbuka mwaka 1997, vyandarua vya chapa ya Zuia Mbu vilipoanza kuuzwa Kilombero na Ulanga, na tulivyokuwa tukivichovya dawa kwenye beseni. Watafiti waliofuatilia watoto wetu wakati ule walitangaza mwaka 2001 kwamba chandarua chenye dawa kiliongeza kunusurika kwa watoto, kuanzia mwezi 1 hadi miaka 4, kwa asilimia 27. Watoto hao ni ninyi mlioketi mistari ya nyuma. Ndiyo maana naumia nikikuta chandarua kimezungushiwa mchicha au kimefugia vifaranga. Kilichochakaa kabisa, sawa. Kizima, hapana, na serikali ya kijiji imekubali kutusaidia kulisimamia hilo.

Sasa mabwawa. Wataalamu wa Taasisi ya Afya Ifakara wametueleza kwamba mbu anayebeba sehemu kubwa ya malaria bondeni kwetu anaitwa Anopheles funestus, na hatagi sana kwenye vidimbwi vya nyayo za ng'ombe. Anapenda maji yaliyotulia, yasiyokauka upesi, yenye majani pembeni: mabwawa, visima vya wazi, kingo za mto. Mimi naiona hii kuwa nafasi yetu. Kiangazi maji ya namna hiyo yanahesabika, na hakuna ayajuaye kuliko wavuvi wetu na akina mama wachotao maji. Kikosi cha mabwawa kilizunguka vitongoji vyote kikayaandika moja moja. Waliokuja siku ile wameona: chota kwa kata nyeupe, ngoja maji yatulie, tazama. Viluwiluwi wa mbu wa malaria wanalala sambamba na uso wa maji kama vijiti. Wa mbu wengine wananing'inia vichwa chini. Tulifyeka majani, tukafukia mashimo ya matofali yaliyoachwa, na palipobaki tukaweka dawa ya bakteria wanaoua viluwiluwi hao, inayotengenezwa Kibaha, ambayo haidhuru samaki wala mifugo. Dawa iliisha kabla ya mabwawa. Mwakani tuanze kuitafuta mapema, kabla ya kiangazi kukolea.

Waganga wa jadi wawili walikuja kikao cha mwezi wa sita, na nawashukuru mbele yenu. Wamekubali kwamba mtoto wa degedege aende kwanza zahanati, na wao wenyewe wanaongozana na mama. Mmoja ameshafanya hivyo mara mbili. Kwa uzito wa imani ile, hilo nalihesabu kuwa kubwa kuliko lolote tulilofanya kwenye mabwawa.

Kuhusu dawa ya mseto, vidonge vya malaria vya zahanati, nasema kifupi: ni dozi sita za kumeza, siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Mhudumu wetu wa afya ya jamii bado anakuta vidonge vilivyobakizwa juu ya dari "kwa ajili ya homa ijayo". Homa ijayo itapimwa upya na kupewa dawa yake.

Pendekezo la kamati ni kwamba kila kaya itoe debe moja la mpunga wa mavuno haya, liuzwe bei itakapopanda, tununue vyandarua vya shamba kabla ya kuhama. Kaya za wajane na wazee wanaoishi peke yao zisitoe, ila zipewe. Nimeleta debe langu, liko pale mlangoni. Naomba tujadili, tupige kura, kisha katibu asome majina ya wasimamizi wa kila kitongoji.