Kilo Nane za Mzigo

Preston, Uingereza

Shoga yangu mpenzi,

Kanga zimefika salama, na wifi yangu ameshaanza kuzinyemelea. Uliuliza nimefikia wapi na kitabu ninachoandika juu ya yule bibi wa ukoo wa mume wangu. Nimefika mahali ambapo nakuhitaji wewe, fundi cherehani.

Makaratasi yanasema machache. Sensa ya 1851 inamtaja hapahapa Preston, mshona nguo, yuko kwa baba yake. Kisha anaonekana kwenye orodha ya abiria wa Horizon, meli iliyong'oa nanga Liverpool Mei 1856 ikiwa na Wamormoni zaidi ya 800, waumini wa kanisa lililoanzia Marekani, wakielekea huko. Jina, umri, kazi, basi. Wahubiri wao walikuja mji huu tangu 1837, wakabatiza watu katika mto Ribble, na ilipofika 1851 waumini wa Uingereza walikuwa wengi kuliko wa Utah kwenyewe, makao yao makuu huko Marekani.

Wazee wa huku wanasema alirubuniwa akaolewe mitala. Jamaa wa Marekani nao wamemfanya mtakatifu asiyejua kulia. Mimi naona wote wamemnyang'anya akili zake. Mitala ya Wamormoni ilikuwa imetangazwa hadharani na kanisa lao 1852, miaka minne kabla hajapanda meli! Alikwenda akijua, kwa sababu aliamini, na huyo ndiye ninayetaka kumwandika.

Huko Marekani, kutoka Iowa City hadi Salt Lake City, mji wao mkuu Utah, walikokota mikokoteni kwa mikono yao zaidi ya kilomita 2,000, maana magari ya ng'ombe yalikuwa ghali. Mikokoteni yenyewe ya mbao mbichi, inavunjika njiani. Mtu mzima aliruhusiwa ratili 17 za mzigo, kama kilo nane: nguo, matandiko, vyombo, vyote humo. Kundi lao, lililoongozwa na Edward Martin, lilichelewa kuondoka. Oktoba 17 wakaamriwa kupunguza tena, hadi ratili 10, na vilivyozidi vikachomwa moto, mablanketi na nguo za baridi. Oktoba 19 theluji ikaanza kuwaangukia huko Wyoming. Yeye alifika Salt Lake City. Katika makundi mawili ya mwisho ya mikokoteni mwaka ule, lake likiwa moja, watu zaidi ya 200 walikufa njiani.

Sharti nililojiwekea ni moja: kilichoandikwa sikigeuzi, natunga pale tu makaratasi yaliponyamaza. Na hakuna palipoandikwa alichotupa motoni siku ile.

Sasa nakuuliza wewe unayekula kwa sindano. Ana mkasi mzito wa chuma, blanketi moja, na kitambaa kizuri ambacho hajakikata. Anakwenda mji asikokuwa na ndugu, na mikono yake ndiyo riziki yake. Anaacha nini? Usinijibu kwa huruma, nijibu kifundi. Mimi nilimwachia blanketi abaki nalo, mume wangu akasema abaki na mkasi, na sura ya nne imekwama hapo.

Wasalimie watoto na mama. Mwambie dawa yake ya kifua naitafuta.

Shoga yako