Barua ya wazi kwa Diwani wetu: Majibu ya maji yetu yako wapi?

Mheshimiwa Diwani,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini u mzima na familia yako.

Jumatatu ya wiki iliyopita, wakati wa ukaguzi wa usafi shuleni, mwalimu mmoja mgeni aliwatoa mstarini watoto wenye meno ya kahawia akawaambia mbele ya wenzao kwamba hawapigi mswaki. Binti yangu wa darasa la sita alikuwa mmoja wao. Mwalimu simlaumu sana, maana kule alikotoka huenda hajawahi kuyaona meno haya. Lakini jioni niliporudi kutoka shambani nilimkuta mwanangu nyuma ya banda la ng'ombe, ameshika kipande cha msasa alichobakiza baba yake baada ya kusugua mlango, anajisugua meno mawili ya mbele. Beseni lilikuwa na maji mekundu. Nilipomshika mkono akaniambia, "Mama, niache, yanakaribia kutoka."

Madoa hayakutoka. Rangi ile haiko juu ya jino, imo ndani ya jino lenyewe. Kilichotoka ni ufizi, na tangu siku ile hawezi kunywa chai ya moto wala maji ya baridi.

Ndiyo sababu nakuandikia hadharani. Barua mbili za kawaida nilishakuletea kupitia ofisi ya kijiji, na sikupata hata neno la kuniambia zimefika.

Mheshimiwa, naomba nikukumbushe siku ile chini ya mringaringa, pale gatini tunapochotea maji. Ni mwaka juzi, kabla ya masika. Ulikuja na vijana wawili wakajaza chupa tatu za kwenda kupimwa: moja ya maji ya gati, moja ya kijito, moja ya kisima cha pampu. Mimi ndiye niliyewashikia chupa ya kijito maana ukingo ulikuwa unateleza. Ukasimama ukatuambia majibu yatabandikwa kwenye ubao wa kijiji ndani ya mwezi mmoja. Tulikupigia makofi. Masika mbili zimepita. Ubaoni kuna tangazo la chanjo ya mifugo na orodha ya wadaiwa wa michango. Majibu ya maji hayapo.

Nimezaa watoto watatu. Wa kwanza nilimpeleka kwa dada yangu Lushoto akiwa na miezi minane kwa sababu nilikuwa naumwa, akakaa huko mpaka alipofika darasa la tatu. Meno yake ni meupe pe. Huyu wa darasa la sita hajawahi kulala nje ya kijiji hiki, na meno yake ni ya kahawia yenye vishimo. Tumbo moja, baba mmoja, dawa ya meno ya duka moja. Wanaosema ni ukoo, na wanaosema ni uchafu, waje nyumbani niwasimamishie watoto hawa wawili pamoja wawatazame.

Daktari wa meno niliyemfuata mjini alinieleza kwamba meno ya utu uzima hujijenga ndani ya ufizi tangu uchanga mpaka kwenye miaka 8 hivi, na kwa haya ya mbele miaka mitatu ya mwanzo ndiyo mibaya zaidi. Floraidi, madini yanayoyeyuka kwenye maji, ikizidi katika miaka hiyo jino linatoka tayari limeharibika. Mtu mzima akihamia hapa anakunywa maji haya haya na meno yake hayabadiliki, na hilo ndilo linalowapumbaza wageni wakadhani watoto wetu ni wachafu.

Floraidi inatoka wapi? Mlima Meru ni wa volkano, na maji yanayopita kwenye miamba yake yanaiyeyusha. Hilo kila mtu wa Arumeru analijua, ndiyo maana kituo cha Ngurdoto cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji kipo hapa hapa kwetu. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu kwa miaka mingi iliruhusu mpaka 4. Ya gati letu ni ngapi? Mbili? Sita? Kumi? Mimi nachota ndoo nne kila siku na sijui.

Kwa kuwa sijui, nimebaki kujishuku mwenyewe. Huenda ni magadi. Makande na maharage nayapika kwa magadi kama mama yangu alivyopika, na dada yangu kule Lushoto hayatumii kabisa. Nimesikia kwamba magadi nayo yana floraidi, mengine nyingi na mengine kidogo, kutegemea yamechotwa wapi. Mtoto wangu nilimwanzishia makande ya kupondwa akiwa na miezi saba. Huenda ni chai ya rangi, maana majani ya chai nayo yanayo. Huenda ni dawa ya meno aliyokuwa akiimeza kwa sababu ni tamu. Na kuna hili linaloniuma kuliko yote: maji yake nilikuwa nayachemsha sana, kwa kuni za kununua, nikijua namlinda na matumbo. Kumbe floraidi haiondoki na mvuke. Maji yanapungua, yenyewe inabaki, na kinachosalia sufuriani ni kikali kuliko nilichoanza nacho.

Nimeyaacha magadi. Dawa ya meno naweka kiasi cha punje ya mchele. Lakini kama tatizo kubwa ni maji ya gati, hayo yote ni kazi bure, na anayeweza kuniambia ni wewe mwenye majibu ya zile chupa tatu.

Kuna njia. Ngurdoto wamefanyia kazi chujio za mkaa wa mifupa ya ng'ombe, mifupa iliyochomwa, ambayo hunasa floraidi, na mkaa ukichoka hubadilishwa. Maji ya mvua nayo ni salama kwa upande huu. Lakini kijiji hakiwezi kuchangishana chujio bila kujua ni chanzo kipi kibaya. Pengine kisima cha pampu ni kizuri na sisi tunakipita kila siku kwenda kulipia maji ya gati. Tuambie basi.

Kitindamimba wangu ana miezi tisa. Maji yake ya kunywa na ya uji nayatoa kwenye pipa la lita 200 nililokinga mvua. Wengine wote nyumbani hatuligusi. Asubuhi ya leo nimepima kwa kijiti: limebaki chini ya nusu, na mvua zimekwisha.

Sikuombi barabara, sikuombi tangi, wala sikuombi mkutano mwingine. Naomba karatasi moja yenye namba tatu, ibandikwe ubaoni pale ulipotuahidi. Kama chupa zilipotea, sema zimepotea, nitajaza nyingine na kuzipeleka mwenyewe kwa basi. Naomba majibu, Mheshimiwa, kabla pipa la mtoto halijakauka.

Wako mpiga kura,
Mama wa watoto watatu, jirani na gati